Asubuhi Nzima kwa Nyaya Mbili

Kufunga moduli ya kielektroniki ndani ya distribyuta ya Peugeot 504 ni kazi ya nusu saa. Unatoa kontakti na kondensa, unakaza kifaa kidogo mahali pake, unavisha pete ya sumaku chini ya rota, unapeleka nyaya mbili kwenye koili, basi. Karatasi inayokuja na kifaa ndivyo isemavyo, wala haidanganyi. Ila fundi niliyemkuta Liwatoni alifungua boneti saa mbili asubuhi, na ilipotolewa adhana ya adhuhuri kifaa kilikuwa kingali kwenye boksi lake, hakijaguswa. Mwenye gari, mstaafu wa bandarini, alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha plastiki, na hakuuliza hata mara moja kwa nini.

Liwatoni iko upande wa kisiwa cha Mombasa unaotazama mlango wa Kilindini. Ni mahali pa wavuvi, na ndipo lilipotandazwa daraja la waendao kwa miguu lililofunguliwa 2021, likielea juu ya maji hadi ng'ambo ya Likoni. Upepo wa hapa una chumvi, nayo chumvi haina haraka. Inaingia kwenye viungo vya nyaya, inaigeuza shaba kuwa kijani, inatafuna skrubu inayoshika waya wa ethi. Gari linalolala nje usiku wa masika huamka na unyevu ndani ya kofia ya distribyuta. Kwa gari kuukuu la Mombasa, umeme huugua kabla ya injini.

Injini ya 504 yenyewe ni ngumu kuugua. Gari hili lilitokea Ufaransa 1968, na baadaye likawa likiunganishwa papa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Mtangulizi wake, 404, alishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikafuata 1975 na 1978. Lakini wasafiri wa umri fulani hawaikumbuki kwa mashindano. Wanaikumbuka kwa safu zake tatu za viti, magunia juu ya paa, na dereva asiyesimama mpaka afike. Waliobaki na gari hilo leo hawalitunzi kwa kuwa hawana jingine. Wanalitunza kwa sababu bado linakwenda.

Ili kuelewa fundi alikuwa akingojea nini, lazima kwanza kuelewa alichokuwa anakwenda kukitoa. Ndani ya distribyuta ya zamani mna kontakti, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa betri, kiasi cha ampea 4, hupita kwenye koili na kuijaza nguvu ya sumaku. Vikiachana, nguvu hiyo huporomoka ghafla, na kutokana na volti 12 koili huzaa volti 20,000 na zaidi, zinazoruka kwenye ncha ya plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo hutendeka mara 100 kila sekunde. Mpango huu ulibuniwa na Mmarekani Charles Kettering kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na magari mengi ya petroli yaliutegemea mpaka miaka ya 1970.

Mpango wote unaning'inia kwenye nafasi nyembamba: kwa 504, milimita 0.4 kati ya kontakti zinapokuwa wazi kabisa. Kisigino cha kontakti husuguana na kemu na kuliwa kidogo kidogo. Kikiliwa, nafasi hupungua, kontakti huchelewa kuachana, na cheche huchelewa kufika. Gari linakuwa zito mlimani, linakunywa petroli, na asubuhi linataka kubembelezwa. Ndiyo sababu fundi wa magari haya alithaminiwa kwa mkono wake. Fila ya 0.4, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ikipita kati ya kontakti lazima iburuzike kidogo pasipo kukwama, na mburuziko huo haufundishiki kwa maneno. Njiani, asiye na fila alikata karatasi ngumu ya pakiti ya sigara akaifanya kipimo.

Fundi huyu anao mkono huo. Kofia ilipofunguliwa baadaye, alipitisha fila ya 0.4 ikakataa kuingia, akachukua ya 0.3, akaisikiliza kwa vidole, akatikisa kichwa. Nikatambua kwamba kazi ya siku hiyo ilikuwa kukitoa garini kitu anachokijua kuliko watu wengi wa mtaa wake, na ambacho ndicho kilichokuwa kikimrudishia mteja huyu gereji kila baada ya kilomita elfu kadhaa.

Kifaa kipya hakigusani na chochote. Pete yenye sumaku nne huzunguka pamoja na shafti, na kila sumaku ipitapo mbele ya kihisio, transista huukata umeme wa koili. Kihisio hicho kinategemea jambo lililogunduliwa na Edwin Hall huko Marekani 1879, karibu miaka mia moja kabla halijafika ndani ya distribyuta. Hakuna kisigino cha kuliwa wala uso wa kuungua. Kampuni ya Chrysler iliweka mfumo wa kielektroniki kwenye magari yake yote ya Marekani kuanzia 1973, na nyingine zikafuata. Waliobaki na magari ya kontakti wakaanza kuuziwa vifaa vya kuingia ndani ya distribyuta ileile ya zamani, visionekane kwa nje.

Sasa ile asubuhi. Fundi alianza mbali kabisa na distribyuta. Aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye mwili wa distribyuta, akamwambia kijana anayejifunza kazi kwake apige stata. Mita ilipaswa kubaki karibu na sifuri, ikapanda. Akaufuata mkanda wa ethi kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi, akafungua bolti iliyovimba kutu, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akapaka grisi, akakaza. "Kontakti husamehe ethi mbovu," alisema. "Hiki hakisamehi."

Akaja kwenye waya unaoleta umeme kwenye koili. Magari mengine yana rezista katikati ya waya huo, na kifaa kikiunganishwa baada ya rezista hupata volti pungufu. Gari hili halikuwa nayo. Hata hivyo hakutegemea kumbukumbu wala kitabu. Aliufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya swichi. Akapima koili yenyewe: omu 3. Ingekuwa omu 1.5, umeme ungepita maradufu na moduli ingeungua bila kumpa mtu nafasi ya kujitetea. Akazikataa nyaya mbili za plagi zenye shaba tupu ndani, akaweka zenye kaboni, kwa kuwa cheche isiyozuiwa kelele zake huivuruga elektroniki.

Hapo tu ndipo alipofungua kofia ya distribyuta. Akashika shafti kwa kidole gumba na cha shahada, akaitikisa kulia na kushoto kutafuta ulegevu. Akaing'oa rota, akaizungusha kemu kidogo na kuiachia ili asikie kama vile vyuma vya uzito vilivyo chini, vinavyowahisha cheche mwendo unapoongezeka, vinarudi vyenyewe. Vilirudi kwa uvivu. Akadondosha mafuta matone machache, akarudia, akarudia tena, mpaka vikaruka. Mwisho akachomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, akaufyonza kwa mdomo, akauziba kwa ulimi, akatulia. Sahani ya ndani ilivutika ikabaki pale pale. Kiwambo hakikutoboka. Hakuna mita inayolisema hilo upesi kuliko ulimi.

Kijana alikuwa amechoka kushika tochi. "Mzee, si tukifunge tu tuone?"

"Ukikifunga kisha likazima, mgonjwa atakuwa nani? Kipya au cha zamani?"

Kijana hakuwa na jibu. Na sidhani kuna jibu. Mtu anayetia kitu kipya ndani ya hali asiyoijua anajiongezea fumbo juu ya fumbo. Fundi huyu alikuwa akipunguza mafumbo moja moja, kwa mpangilio, ili siku kifaa kitakapokosea, lawama iwe na mahali pa kwenda.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akasafisha kontakti zile zile kuukuu, akazirudisha kwenye 0.4, akafunga kofia, akawasha. Injini ilishika mara moja ikatulia, haitikisiki. Mwenye gari akainuka kitini.

"Yakhe, sasa limepona. Hiki cha kufungia nini tena?"

"Ili libaki limepona," fundi akajibu, akafungua boksi.

Kufunga kwenyewe hakukuwa na mengi. Kontakti zikatoka, moduli ikakaa, pete ikavishwa, na nafasi kati ya pete na kihisio, isiyofika milimita moja, ikapimwa kwa kipande cha plastiki, kwani fila ya chuma ingenaswa na sumaku. Waya mwekundu kwenye chanya ya koili, mweusi kwenye hasi. Alizipitisha nyaya pale pale zilipopita za zamani na kuziachia ulegevu kidogo, kwa sababu sahani ya ndani husogea vakyumu inapovuta, na waya uliokazwa hukatika ndani ya ngozi yake pasipo mtu kuona.

Taimingi ilibidi ianze upya, maana kifaa hukata umeme kwa wakati wake, si kwa wakati wa kontakti. Akachomoa tena mpira wa vakyumu akauziba, akaielekeza taa ya taimingi kwenye alama, akalegeza bolti na kugeuza distribyuta kwa upana wa ukucha, kisha nusu ya hapo. Wakati wa kontakti, alama huchezacheza chini ya taa; hii ilisimama wima kama imechorwa. Akamwita kijana aje aitazame, na akamwacha aitazame kwa muda.

Masharti aliyompa mwenye gari yalikuwa mawili. Swichi isiachwe imefunguliwa huku injini imezima, hata kwa kusikiliza redio, kwani koili na moduli hupata moto bure. Na kofia ya distribyuta iendelee kufutwa wakati wa masika, kwa kuwa elektroniki haizuii unyevu.

Kisha akazifuta kontakti kuukuu, akazipaka mafuta, akazifunga kwenye plastiki pamoja na kondensa, skrubu zake na fila ya 0.4, akaviweka ndani ya kisanduku cha dashibodi. Moduli ikifa Mtito Andei, haitengenezeki, hutupwa. Kontakti hurudishwa kwa bisibisi, na gari likafika Nairobi.

Gari lilipoondoka, alitoa distribyuta kuukuu chini ya meza, akaibana kwenye jiriwa, akamkabidhi kijana kontakti na fila nyingine. Kijana akauliza kwa nini ajifunze kurekebisha kitu ambacho wametoka kukitoa.

"Hatukukitoa," fundi akasema. "Kimo kwenye dashibodi."