Sauti ya Bara katika Santuri ya Ng'ambo

Wasomaji wa visiwani wamenizoea nikizungumzia vina na mizani. Leo naomba radhi nizungumzie jazi, ingawa mwishowe nitarudi kule kule kwenye mizani.

Santuri ninayoipendekeza ina umri kunipita mimi. Uhuru Afrika, ya mpiga piano Mmarekani Randy Weston, ilirekodiwa New York mnamo Novemba 1960. Muziki wa okestra yake kubwa ulipangwa na Melba Liston, mwanamama aliyekuwa pia mpuliza tromboni, na maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Mwanzoni kabisa, kabla okestra haijashika kasi, anasikika mwanamume akighani shairi la Hughes kwa Kiswahili, na Brock Peters akilisema kwa Kiingereza. Ghani hiyo ya Kiswahili ni ya Mtanganyika Tuntemeke Sanga, na tafsiri ni yake pia. Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru. Ilibakiwa na mwaka mmoja na ushei, na Zanzibar mitatu. Lugha yetu ilitamka neno hilo katika jazi kabla bendera zetu hazijapanda.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda likawakera baadhi ya mabwana zangu. Sanga hakuwa mtu wa pwani, na katika kughani kwake sisikii upepo wa Mji Mkongwe wala wa Mvita. Nasikia mtu aliyekifuata Kiswahili, akakifikia. Nami ni wa namna hiyo: nimezaliwa Ngara, kwenye Kihangaza, Kiswahili nikakikuta shuleni na redioni, ushairi nikajifunza kwa kunakili beti daftarini. Zamani mhariri mmoja alinirudishia tafsiri yangu, pembeni kaandika maneno matatu tu: "Kiswahili cha bara." Hakuonyesha kosa hata moja. Maneno hayo nimeishi nayo miaka mingi, na santuri hii ndiyo iliyoniondolea uchungu wake.

Mwaka jana, tukingoja basi Lusahunga, wilayani Biharamulo, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yakitupita, nilimpa mzee mmoja simu yangu asikilize. Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Mwanangu, huyu ni wa wapi? Mbona asema kama sisi?" Kisha akaniomba nimrudishie mwanzo.

Si kila kipande kimenikaa moyoni. "Kucheza Blues" ni jina la kuunga-unga, ijapokuwa muziki wake unachezeka kweli. Sehemu iliyo tamu kuliko zote, "African Lady", haina Kiswahili ndani yake. Martha Flowers anaiimba taratibu, pasipo kujionyesha. Na katika "Bantu", ngoma za Olatunji na wenzake zinasema zaidi ya tarumbeta.

Ya pili ni Mwandishi ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971. Humo wapigaji walijipa majina ya Kiswahili: Hancock Mwandishi, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga, Bennie Maupin Mwile. Lugha imekuwa vazi, haisemi neno. Nilitaka kuikataa kwa sababu hiyo, lakini "Ostinato" ilinishinda. Besi ya Buster Williams inarudia mzunguko wa mapigo 15. Sikio lililolelewa na shairi, ukwapi mizani 8 na utao 8, hungojea pigo la 16, nalo haliji. Mzunguko umekwisha anza upya. Tungekuwa kwenye malumbano tungesema mtunzi kapungukiwa na mizani. Hapa upungufu huo ndio unaoisukuma safari. Kwangu mimi besi ile, kwa unyenyekevu wake, hunikumbusha inanga ya jirani zetu Warundi, ambayo mwimbaji wake hunong'ona juu ya nyuzi badala ya kupaza sauti.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisipendekeze Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz au Tabora Jazz? Wale walichukua neno la Wamarekani wakapiga dansi lao wenyewe, kama Wamarekani hawa walivyochukua maneno yetu. Dansi nalipenda, ila hilo ni deni la makala nyingine.

Uhuru Afrika isikilizwe kwanza, usiku, redio zote zimezimwa. Na anayejua kughani aghani pamoja na Sanga, kwa lafudhi aliyozaliwa nayo.