Roketi Isiyo na Breki

Mwezi wa Julai, saa tatu usiku, ukungu wa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, ukishatulia mabondeni na baridi ikianza kuuma masikio, kuna nyota nyekundu inayong'aa juu upande wa kusini. Hiyo ni Antares. Mwezi unaofuata Altair itakuwa karibu na utosi, na Vega chini yake, kaskazini. Algol huonekana Desemba, ile nyota inayofifia kwa saa chache kila baada ya siku tatu kasoro, kisha ikarudia mwanga wake. Castor ni ya Machi, kama mawingu ya masika yatakuruhusu.

Wahandisi wa Marekani walizichagua nne kati ya nyota hizo wakazipa injini nne za roketi moja nyembamba: Algol chini, Castor juu yake, kisha Antares, na Altair kileleni. Roketi yenyewe waliiita Scout. Ilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Julai 1960 kutoka kisiwa cha Wallops, jimbo la Virginia, na ya mwisho iliondoka California mwezi wa Mei 1994. Kati ya safari zake zote, ambazo ni zaidi ya 100, tisa zilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Kenya. Zote tisa zilifika. Ni hizo tisa zilizonifanya niipende kazi ya roketi.

Roketi kubwa zinazotajwa kila siku huchoma fueli ya majimaji, na injini ya majimaji huweza kupunguzwa nguvu au kuzimwa. Scout ilikuwa ya fueli yabisi kutoka chini hadi juu. Kemikali huchanganywa na aina ya mpira, mchanganyiko humiminwa ndani ya silinda na kuachwa ugande, huku tundu likiachwa katikati toka juu mpaka chini. Umbo la tundu hilo ndilo huamua moto uwake kwa kasi gani. Ufa mmoja ndani ya fueli, au kiputo cha hewa kati ya fueli na ukuta, huupa moto uso mpana kuliko uliokusudiwa, na shinikizo hupanda hadi silinda ipasuke. Dereva anayeshusha fuso la kabichi kutoka Nyandira kwenda Sangasanga ana breki na ana gia. Algol ikishawashwa, haizimiki mpaka iishe.

Tena injini ya namna hiyo huwaka mara moja tu maishani mwake. Unaweza kuijaribu nduguye, iliyomiminwa siku ileile katika kiwanda kilekile, lakini ile utakayoirusha itabaki haijawahi kuwaka. Kwa hiyo ufundi wote huja kabla: katika kuchanganya, katika kumimina, katika kupiga picha za eksirei kutafuta ufa, katika kukaza kila bolti kwa kipimo kilichoandikwa.

Uelekezaji wake nao ulikuwa wa namna hiyohiyo. Ndani mlikuwa na majairoskopu na ratiba iliyopangwa mapema: sekunde fulani inama kiasi hiki, sekunde fulani inama tena. Algol iliongozwa kwa ncha za mapezi pamoja na vibao vilivyowekwa ndani ya moto wenyewe. Castor na Antares kwa vijito vya haidrojeni peroksaidi. Altair haikuwa na usukani wowote. Ilizungushwa kama pia kabla ya kuwashwa, na mzunguko huo ndio ulioishikilia njiani. Scout ilijua imeelekea wapi, lakini haikujua imefika wapi, na kama injini moja ilisukuma pungufu, hakukuwa na wa kufidia.

Miaka ya mwanzo iliwatesa. Roketi nyingi zilipotea, na tarehe 20 Julai 1963, pale Wallops, moto ulitoboa mdomo wa Algol sekunde chache tu baada ya kuwashwa. Roketi ikayumba, ikavunjika na kuanguka. Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachokiheshimu kuliko urushaji wowote. Walisimamisha kazi. Scout zilizokuwa tayari zilirudishwa kiwandani Dallas, zikafunguliwa na kukaguliwa upya, maungio yote yakapigwa eksirei. Wakagundua pia kwamba kundi la kiwandani, la Wallops na la California, kila moja lilikuwa na namna yake ya kufanya kazi ileile. Wakaandika utaratibu mmoja, na kila mkono ukaufuata. Baada ya hapo kushindwa kukawa jambo la nadra.

Scout iliyokuja kwetu ilikuwa hiyo iliyokwisha kufundishika. Aliyeileta ni Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na jenerali wa jeshi la anga la Italia. Mkataba na Marekani ulifanywa mwaka 1962. Broglio hakuharakisha. Kwanza alipeleka vijana wake Marekani wakajifunze roketi hiyo. Mwaka 1964 walirusha roketi ndogo za uchunguzi wa anga kutoka jukwaa la Santa Rita, mbele ya Ngomeni, lililokuwa mtambo wa kuchimbia mafuta baharini. Desemba mwaka huohuo, wakiwa Wallops, waliirusha wenyewe setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1. Hapo ndipo jukwaa la pili, San Marco, lilipoletwa Ngomeni na kusimamishwa kwa miguu ya chuma juu ya sakafu ya bahari, mita mia kadhaa kutoka Santa Rita, na nyaya zikalazwa chini ya maji kuyaunganisha. Roketi iliunganishwa ikiwa imelazwa ndani ya banda, ikakaguliwa kwa urefu wake wote wa mita 20 na zaidi, kisha ikainuliwa. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliondoka. Kabla ya hapo haikuwahi kutokea setilaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Kwa nini Ngomeni? Jibu moja ni mwendo wa bure. Dunia inavyojizungusha, ardhi ya Mgeta husafiri kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,660 kwa saa pamoja na mashamba yake yote. Ngomeni, iliyo karibu zaidi na ikweta, hukaribia 1,670, na Wallops ni kama 1,320 tu. Kwa roketi ndogo inayohesabu kila kilo, tofauti hiyo ni mali. Jibu la pili ndilo lililowavuta wanaastronomia. Juu ya Atlantiki ya Kusini mkanda wa mionzi unaoizunguka dunia hushuka chini na kuvijaza vifaa makelele. Setilaiti inayozunguka karibu kabisa na ikweta huipita mbali sehemu kubwa ya eneo hilo, ikabaki katika utulivu unaofaa kwa kusikiliza mbali.

Ndivyo ilivyokuwa kwa setilaiti ya tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za mbinguni peke yake. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Iliwaonyesha wanasayansi nyota za nyutroni zinazonyonya gesi ya nyota wenzao, na ikawapa sababu nzito ya kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Nyingine zilifuata: San Marco 3 na Explorer 45 mwaka 1971, SAS-2 ya kutazama mionzi ya gama Novemba 1972, San Marco 4 na Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, SAS-3 Mei 1975. Kisha kimya kirefu hadi San Marco 5, tarehe 25 Machi 1988. Setilaiti za San Marco zilibeba kifaa ambacho Broglio alikibuni mwenyewe: ganda jepesi la nje lililoshikwa kwa mikono inayonyumbuka na uzito uliomo ndani. Hewa ile nyembamba ya juu inapolisukuma ganda, hulisogeza nyuma kidogo mno ya uzito wa ndani, na kutokana na kusogea huko unakokotoa unene wa hewa. Mtu anapima upepo mahali ambapo karibu hakuna hewa, kwa ganda, mikono na uzito tu. Kwangu mimi hiki ni kizuri sawa na roketi yenyewe.

Waitaliano walitaka kutengeneza Scout kubwa zaidi kwa ajili ya Malindi. Haikujengwa, lakini katika mipango ile ilizaliwa injini ya Zefiro, kule Colleferro karibu na Roma, na kutokana na Zefiro ikatoka Vega, roketi ya Shirika la Anga la Ulaya. Vega iliruka mara ya kwanza tarehe 13 Februari 2012, si Ngomeni bali Kourou, Guiana ya Ufaransa. Nilisikitika kwa hilo na bado nasikitika. Hatua zake tatu za chini ni za fueli yabisi. Ya juu ni ya majimaji, inayoweza kuwashwa na kuzimwa.

Kizazi kipya kililipa ada yake. Novemba 2020 nyaya za kuelekeza injini ya juu zilifungwa kinyume, usukani ukageuka kushoto ulipoamriwa kulia, na setilaiti mbili zikapotea. Desemba 2022, katika safari ya pili ya Vega C, toleo jipya la roketi hiyo, koo la mdomo wa injini yake ya Zefiro 40 lililiwa na moto kuliko lilivyotarajiwa. Mdomo tena, kama 1963. Na tena walisimama. Jaribio la ardhini la Juni 2023 likaharibu mdomo mwingine, wakauchora upya, wakaujaribu upya, na Vega C haikurudi angani hadi tarehe 5 Desemba 2024.

Tarehe 29 Aprili 2025 ilibeba Biomass, setilaiti yenye rada ya mawimbi ya sentimita 70 hivi, marefu kiasi cha kupenya majani na kurudishwa na mashina na matawi makubwa. Kazi yake ni kupima mbao na kaboni ya misitu ya tropiki, na safu ya Uluguru, ikiwa pamoja na msitu ulio juu ya mashamba yetu ambao hutoa maji ya mto Mgeta, imo katika eneo inalolitazama.

Sasa wanaandaa Vega E. Injini yake ya juu, M10, itachoma methani na oksijeni ya majimaji badala ya hatua mbili za juu za sasa. Itaweza kuwashwa zaidi ya mara moja na kusahihisha njia, mambo ambayo Altair haikuyajua. Chini yake zitabaki hatua mbili za fueli yabisi, na Zefiro 40 ni mojawapo. Watu wengi wataitazama M10. Mimi nitahesabu sekunde za Zefiro mpaka iishe.