Uchawi, Utiifu na Hatia ya Kitabu cha Mtoto: Mgogoro wa Harry Potter Nchini Marekani

Kila kitabu cha watoto kinapopata wasomaji wengi, huzuka swali la kale: je, kinamfundisha mtoto nini? Swali hili ni halali. Uhakiki wa Kiswahili, ambao kwa muda mrefu umeyahesabu maadili kuwa sehemu ya dhima ya fasihi, hauwezi kulipuuza bila kujikana. Tatizo huanza pale jibu linapotolewa kabla ya kitabu kusomwa. Mfano bayana ni mgogoro uliozuka Marekani kuhusu riwaya za Harry Potter za mwandishi Mwingereza J. K. Rowling. Riwaya ya kwanza ilichapishwa Uingereza mwaka 1997 na Marekani mwaka 1998.

Katika orodha za Chama cha Maktaba cha Marekani, riwaya hizo ziliongoza vitabu vilivyolalamikiwa kila mwaka kuanzia 1999 hadi 2002. Desemba 2001, waumini wa kanisa moja mjini Alamogordo, New Mexico, walizichoma moto hadharani. Mwaka 2002, bodi ya shule za Cedarville, Arkansas, iliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba mwanafunzi asiziazime maktabani ila kwa idhini iliyotiwa saini na mzazi. Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho iliamuru zirejeshwe rafuni. Miongoni mwa hoja zilizotolewa na waliounga mkono kizuizi hicho, mbili zilijitokeza: kwamba riwaya hizo zinahusu uchawi, na kwamba zinachochea uasi na kutoheshimu mamlaka. Makala haya yanadai kuwa hoja hizi hazina uzito sawa, na kwamba kelele kuhusu ile ya kwanza zilizuia ile ya pili isijadiliwe.

Hoja ya uchawi imejengwa juu ya neno, si juu ya masimulizi. Kiswahili chenyewe hutenganisha uchawi unaodhuru, uganga unaotibu, ramli inayobashiri na kiinimacho kinachoburudisha. Kuyaita yote kwa jina moja ni kuyahukumu kabla ya kuyatazama. Katika riwaya za Rowling, uwezo wa kichawi ni wa kuzaliwa nao. Asiyezaliwa nao hawezi kuupata hata akikariri maneno yote yanayofundishwa katika shule ya Hogwarts. Hivyo basi, kitabu kinachodaiwa kumfunza msomaji uchawi kinamwambia wazi kwamba haufundishiki kwake. Somo la ramli linafanyiwa dhihaka, na hata utabiri unaousukuma msuko unaelezwa katika riwaya ya sita kuwa ulipata nguvu kwa sababu Voldemort aliuamini na kutenda kwa mujibu wake. Jiwe linalorefusha maisha katika riwaya ya kwanza huharibiwa mwishoni. Katika riwaya ya saba, iliyotoka mwaka 2007, Harry anaikataa fimbo yenye nguvu kuliko zote. Uchawi hapa ni sitiari ya nguvu, na dhamira kuu ni namna nguvu inavyotumiwa au kuachwa.

Watetezi wengi, kwa upande wao, waliridhika kusema kuwa hizi ni hadithi tu, hazimdhuru mtu. Utetezi huu unaiokoa riwaya kwa kuinyang'anya uwezo wake. Fasihi isiyoweza kumdhuru msomaji haiwezi kumfaidi pia.

Hoja ya uasi, kinyume chake, inatokana na usomaji wa kweli. Harry na wenzake huvunja kanuni, hutoka usiku na kuwadanganya walimu. Na mwishoni mwa riwaya ya kwanza mwalimu mkuu, Dumbledore, anawapa alama zinazowapatia ushindi. Mzazi anayeuliza iwapo hilo ni funzo jema anauliza swali la kihakiki. Jibu limo katika muundo wa mfululizo wenyewe. Katika riwaya ya tano, ya mwaka 2003, Umbridge anapiga marufuku jarida lenye mahojiano ya Harry, na papo hapo shule nzima inalisoma. Mamlaka yanayoogopa ukweli yanaasiwa kwa haki. Hata hivyo, katika riwaya hiyohiyo Harry anapuuza agizo la kujifunza kuikinga akili yake, naye Sirius, baba yake wa ubatizo, anauawa. Uasi wake unagharimu uhai wa mtu ampendaye. Aidha, wahusika wanaotii pasi na kuhoji ni wafuasi wa Voldemort. Utiifu, basi, haudharauliwi. Unapimwa kwa kile kinachotiiwa.

Hii haina maana kwamba riwaya hizi hazina dosari. Msimulizi humsamehe Harry upesi mno mara kadhaa, na zawadi za mwisho wa mwaka hufuta makosa ambayo yangestahili kujadiliwa. Dosari hizo zingebainishwa mapema kama pande zote mbili zingeacha kubishana juu ya neno. Mahakama ililinda haki ya mtoto kukifikia kitabu. Haikuwa kazi yake kueleza namna ya kukisoma. Kazi hiyo ni ya mwalimu na mhakiki, na haiwezi kufanywa na anayekichoma kitabu wala na anayekitetea kwa kudai kwamba hakina athari.