Kupika Bila Kufunua

Maji ya Mbeya yana haraka ya kuchemka na uvivu wa kuivisha. Jiji limekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na sufuria iliyo wazi huanza kutokota maji yakiwa na nyuzi 94 hivi, wakati Tanga au Dar es Salaam yangengoja mpaka 100. Mpishi anaweza kupepea mkaa mpaka jiko liwe jekundu. Maji yatakauka upesi zaidi, ila joto lake halitapanda. Ndiyo maana maharage hukawia, na jogoo wa kienyeji aliyezeeka huweza kumaliza jiko zima la mkaa na bado akawashinda watu meno.

Hapo ndipo presha kuka ya umeme inapopata hoja yake, na Mwanjelwa ya Mbeya ina sababu ya kuisikiliza hoja hiyo kuliko Kariakoo ya Dar es Salaam. Kifuniko kikishajifunga, mvuke hauna pa kutokea. Mgandamizo unapanda, maji yanazuiwa kuchemka mapema, na joto linaendelea kuongezeka. Majiko mengi ya aina hii huongeza kilopaskali 70 hivi juu ya hewa ya mahali yalipo. Kwa hewa ya Mbeya, supu iliyo ndani hufika nyuzi 112. Katika joto hilo kano na ngozi za kuku mgumu hulainika na kuacha ule utelezi unaoipa supu uzito wake. Kazi ya saa mbili kwenye mkaa huisha kwa nusu saa, ukiacha muda wa jiko kupata moto.

Lakini mashine haijui kupika. Inachojua ni kufunga, kupasha na kuhesabu dakika. Mapishi yenyewe hufanywa kabla ya kifuniko kufungwa na baada ya kufunguliwa, na sahani inayoonyesha jambo hilo vizuri ni supu nzito ya kuku: kuku, viazi, mahindi mabichi na maziwa katika chungu kimoja. Wavuvi wa New England, huko Marekani, waliizoea ya chaza na samaki. Ya kuku ni mdogo wake. Ukitazama vilivyomo, ungedhani iliandikwa na mtu aliyekuwa akizunguka soko la Mwanjelwa. Viazi vinashuka kutoka Uporoto na Umalila. Maziwa ni ya Rungwe. Vitunguu vinapanda na malori kutoka Ruaha Mbuyuni. Mahindi mabichi hujaa msimu wa mvua, na nje ya msimu wakulima wa mabondeni, wale wa vinyungu kama wasemavyo Iringa, hawakosi kuwa na machache.

Kuku ndiye wa kufikiriwa. Wa kisasa, yule wa wiki sita, akikaa kwenye presha dakika 20 hugeuka nyuzinyuzi zisizo na ladha. Kwake dakika 8 au 10 zinatosha, na kusema kweli hakuhitaji mashine hii. Wa kienyeji aliyekwisha kutaga misimu kadhaa anataka dakika 30 au zaidi. Katikati yao wapo chotara, wakiwemo Sasso wanaozalishwa vifaranga na Silverlands kule Ihemi, Iringa, ambao wengi mikoani humu huwafuga kwa nyama na mayai. Mpishi mzuri humkamata kuku mguuni, akabonyeza ncha ya mfupa wa kidari: ikipinda ni mchanga, ikigoma ni mzee. Dakika za jiko huanza kuhesabiwa hapo, mbele ya tenga, kabla LUKU haijaguswa.

Nyumbani, chungu huwashwa kikiwa wazi. Mafuta kidogo, vipande vya kuku vikaangwe upande wa ngozi mpaka viwe hudhurungi, kisha vitolewe. Hatua hii huwashinda wenye haraka, nao hupata supu nyeupe isiyo na harufu, kwa sababu ndani ya mvuke hakuna kinachobadilika rangi. Ladha ya kukaanga isipopatikana mwanzoni haipatikani tena. Vitunguu vinafuata, saumu na karoti. Halafu yanamwagwa maji kidogo na mwiko unakwangua chini, kila kilichoganda kiachie. Sababu ya pili ya kukwangua ni usalama wa pishi: kikiungua kitu chini, jiko linahisi joto limezidi na kujizima lenyewe, na mwenye nyumba hulaumu TANESCO.

Maji yawe machache kuliko yale ya sufuria, maana hakuna yanayopotea hewani. Ujazo usivuke theluthi mbili za chungu. Kuku hurudi, kifuniko kinafungwa, na mpishi anapoteza macho yake.

Kupika hivi bila kuona ni jambo la zamani. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliionyesha Royal Society ya London chungu chake cha chuma kilichofungwa kwa skrubu, chenye uwezo wa kulainisha mifupa. Naye hakuweza kuona ndani. Alidondosha tone la maji kwenye kishimo kidogo juu ya kifuniko, akapima kwa mizunguko ya timazi jinsi tone lilivyokauka, na kwa hilo akajua joto la ndani. Timazi la Papin leo limekuwa kihisio kilichofichwa chini ya chungu, ila aliyezoea bado hutumia masikio: mlio wa mvuke unaotafuta njia, kisha kapini kadogo kanapopanda na kuziba, kisha kimya. Kapini hako hako ndiko kanakozuia kifuniko kisifunguke presha ikiwepo, na hofu ya chungu kulipuka, ambayo kina mama wengi wanayo kwa haki kutokana na zile za zamani za kuweka kwenye moto, hapa inapungua sana.

Viazi na mahindi haviingii na kuku wa kienyeji. Vingekuwa uji. Kuku akiiva, mvuke hutolewa, jiko linafunguliwa, viazi vilivyokatwa vikubwa na mahindi yaliyopukuchuliwa vinaongezwa, na kifuniko kinarudi kwa dakika 5. Safari hii mvuke usiachiwe ghafla: wanga umeshatoka, na supu yenye wanga hupanda na kurusha povu kupitia tundu la juu. Ngoja presha ipungue yenyewe.

Maziwa ni ya mwisho kabisa, jiko likiwa wazi na limetulia. Ndani ya presha hukatika au hushika chini. Mpishi huponda robo ya viazi ukutani mwa chungu kwa mwiko, akakoroga, na supu inakuwa nzito bila kijiko cha unga. Chumvi na pilipili manga sasa, kwa kuonja. Ndiyo nafasi yake ya kuonja, mvuke ukiwa umeacha kutawala.

Gharama yake inahesabika. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kupumzika hula uniti moja, na kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti ni takriban shilingi 356 pamoja na tozo. Jiko hili hupumzika muda mwingi likishapata presha, hivyo supu ya familia haifiki hapo. Shirika la TaTEDO na mpango wa MECS unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough wamekuwa wakilinadi Tanzania kwa hesabu za namna hii, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameuacha moshi ifikapo 2034. Umeme ukikatika katikati ya pishi, chungu hubaki na moto wake kwa muda, mradi asitokee wa kukifungua.

Wapo watakaosema kuku bila moshi si kuku. Kwa wa kuchoma, wana haki, na jiko la mkaa libaki na kazi hiyo. Supu ya maziwa haina haja ya moshi. Jioni za Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapoingia mpaka ndani ya soksi, inachotaka ni chapati pembeni. Anayekwenda kununua jiko aulize kwanza mpira wa kifuniko wa akiba unapatikana wapi na kwa bei gani, maana ndio unaotangulia kulegea, na harufu ya kitunguu saumu hung'ang'ania humo hata baada ya kuoshwa.