Istilahi za Gesi Zitokazo Mashambani: Uhakiki

Mtu anayefasiri taarifa ya nchi kuhusu gesi zitokazo kwenye udongo wa mashamba hakosi maneno ya Kiswahili. Taabu yake ni kwamba maneno aliyonayo yalizoeleka katika habari za viwanda, magari na misitu, kisha yakahamishiwa shambani bila kuchunguzwa. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki manne kati yake: hewa ukaa, uzalishaji, kupima na mwelekeo. Kigezo chetu ni kimoja: je, msomaji asiyejua lugha ya asili ya taarifa atapata jambo lile lile lililokusudiwa?

Tuchukue mfano wa Denmark. Mwaka 1987 nchi hiyo ilipitisha mpango wa kuokoa maji yake, kwa kuwa naitrojeni iliyochujuka kutoka mashambani ilirutubisha mwani baharini hata samaki wakakosa oksijeni. Mpango wa pili ulifuata mwaka 1998. Wakulima walitakiwa kutunza hesabu za mbolea, wakawekewa kikomo cha naitrojeni kwa kila zao, na wakazuiwa kumwaga ovyo samadi ya majimaji katika msimu ambao mimea haiwezi kuitumia. Naitrojeni ya mbolea za viwandani, iliyokuwa kama tani 400,000 mwaka 1990, ilishuka hadi karibu nusu yake kufikia 2005. Pamoja nayo ilishuka naitrasi oksaidi, gesi itolewayo na bakteria wa udongo wanapoibadili naitrojeni ya mbolea na samadi. Hivyo mpango uliokusudiwa kuokoa maji ulipunguza gesi pia.

1. Hewa ukaa. Neno hili hutumiwa siku hizi kwa kila gesi inayoongeza joto la dunia. Lakini molekuli ya naitrasi oksaidi ina atomi mbili za naitrojeni na moja ya oksijeni. Kaboni haimo kabisa. Mwalimu akishawaambia wanafunzi kwamba udongo wa Denmark ulipunguza "hewa ukaa", atawaelezaje kwamba dawa yenyewe ilikuwa kupunguza naitrojeni? Hewa ukaa na ibaki jina la kaboni dayoksaidi peke yake. Kwa jina la jumla, gesijoto latosha, mradi liandikwe neno moja. Likitenganishwa husomeka kama gesi yenye joto. Wale waandikao "gesi za nyumba ya kijani" wamefasiri rangi. Nyumba hiyo mkulima wa Tanzania anaijua kwa jina la kitalu nyumba, wala haina ukijani wowote isipokuwa wa mimea iliyomo.

2. Uzalishaji. Kwa habari za kiwanda, "uzalishaji wa gesi" huenda ukavumilika. Kwa habari za shamba ni mtego. Tukiandika kwamba "uzalishaji wa mashamba ya Denmark ulipungua", msomaji ataelewa kuwa mavuno yalipungua, na ataona kuwa sera ile ilileta njaa. Ukweli ni kwamba mavuno hayakushuka kwa kiasi kile ilichoshuka mbolea. Zaidi ya hayo, kuzalisha ni neno la sifa. Hakuna azalishaye asichokitaka. Tunapendekeza utoaji katika vichwa vya habari na majedwali, mahali ambapo nchi inawajibika kwa gesi zake, na utokaji pale tunapoeleza kazi ya bakteria ndani ya udongo.

3. Kupima. Hapa ndipo penye kosa zito kuliko yote. Taarifa nyingi husema gesi za mashamba "zimepimwa". Kwa kweli hakuna nchi iliyoweka chombo juu ya kila shamba. Kinachofanyika ni kuchukua kiasi cha naitrojeni iliyotiwa ardhini na kukizidisha kwa namba iliyokubaliwa. Mwongozo wa mwaka 1996 wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ulikadiria kwamba katika kila kilo 100 za naitrojeni, kilo 1.25 hutoka ikiwa katika gesi hiyo. Mwongozo wa 2006 ukasema kilo 1. Udongo haukubadilika, hesabu ndiyo iliyobadilika, na gesi "ikapungua" kwa sehemu moja katika tano. Vivyo hivyo nguvu ya naitrasi oksaidi ikilinganishwa na kaboni dayoksaidi kwa miaka 100 iliandikwa kuwa mara 310 mwaka 1995, mara 298 mwaka 2007, mara 265 mwaka 2013 na mara 273 mwaka 2021. Ndiyo sababu nchi hukokotoa upya miaka yote ya nyuma kila njia ya hesabu inapobadilika. Mfasiri aandikaye "imepimwa" humfanya mtumishi alinganishe taarifa mbili za njia tofauti na kudhani ameona badiliko la shambani. Neno sahihi ni kukadiria, na namba ile iitwe kizidisho.

4. Mwelekeo. Mwelekeo huonyesha mtu anakokwenda. Mwenendo huonyesha alivyokwenda. Mchoro wa Denmark ulishuka kwa kasi katika miaka ya 1990, baadaye ukatulia, na mwaka 2016 vikomo vya mbolea vililegezwa. Kuuita wote "mwelekeo wa kushuka" ni kuahidi jambo ambalo takwimu hazikuliahidi. Kwa miaka iliyopita tuseme mwenendo.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yamekwisha kuzoeleka, na kwamba kuyagusa ni kuwachanganya watu. Katika mazungumzo ya kawaida hatuna ugomvi nao. Lakini taarifa hizi huzaa sheria, na sheria huzaa malipo. Mwaka 2024 Denmark ilikubaliana kuwatoza wafugaji kodi ya gesijoto za mifugo kuanzia 2030. Siku mkulima wa kwetu atakapoletewa karatasi ya namna hiyo kwa Kiswahili, ana haki ya kujua ni gesi gani anayodaiwa, na kama kiasi chake kilipimwa shambani mwake au kilikadiriwa ofisini.