Mraba wa Sentimita Sita

Ipo hukumu moja ambayo wahakiki wengi wa picha wa Ulaya na Marekani wameizoea mno, hata haionekani tena kuwa ni hukumu. Husemwa kwamba picha iliyoagizwa na kulipiwa na mwenye sura ni kazi ya ufundi tu, na kwamba sanaa ni ile iliyopigwa kwa hiari ya mpiga picha, pasipo mtu kumtuma. Malenga wa pwani anaifahamu hukumu hiyo kwa sura nyingine. Utungo wa harusi, kwa kuwa umeagizwa na ubani wake umetolewa, huwekwa daraja ya chini kuliko utungo ambao mshairi ameutunga peke yake usiku kwa ajili ya moyo wake. Picha za Malick Sidibé wa Bamako na za Diane Arbus wa New York zafaa kuwekwa mezani pamoja kwa sababu zinaitia hukumu hiyo katika mtihani wa haki. Wote wawili walifanya kazi zao mashuhuri katika miaka ya 1960, kwa nyeusi na nyeupe, na picha zao zinazokumbukwa zaidi zimo ndani ya kipimo kimoja, yaani mraba wa sentimita sita kwa sita.

Kipimo hicho kinahitaji maelezo kidogo, kama vile mtu asiyejua mizani anavyohitaji kuhesabiwa silabi kabla ya kuambiwa utungo huu ni mzuri au mbovu. Filamu yenyewe huitwa 120, na kampuni ya Kodak iliitoa mwaka 1901. Ni ukanda mpana uliokunjwa pamoja na karatasi ya mgongoni inayozuia mwanga. Katika kamera za mraba ukanda huo hutoa picha 12, kila moja yenye milimita 56 hivi kila upande. Picha ya filamu ndogo ya milimita 35 ina milimita 24 kwa 36 tu, kwa hiyo eneo la mraba ni zaidi ya mara tatu na nusu ya eneo la picha ile. Lenzi inayohesabiwa kuwa ya kawaida kwa mraba huo ni ya milimita 80, nayo hufifisha vilivyo nyuma ya mtu upesi kuliko lenzi ya kamera ndogo, hivi kwamba uso hujitenga na ukuta bila ya kulazimishwa.

Mraba wenyewe haukuzaliwa na falsafa yoyote. Kamera ya Rolleiflex, iliyoanza kutengenezwa Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1929, ina lenzi mbili. Ya juu ni ya kutazamia, na ya chini ni ya kupigia. Mpiga picha huishika usawa wa tumbo, akainama, akatazama kioo kilicho juu yake. Kamera ya namna hiyo ukiilaza ubavu ili upate picha ya wima, kioo hakitazamiki ila kwa taabu. Ndipo picha ikafanywa mraba, na atakaye ya kusimama au ya kulala akaachiwa aikate baadaye katika chumba cha giza. Wengi hawakukata. Shida ya shingo na mkono ikageuka kuwa bahari ya utungo.

Bahari hiyo ina sheria zake. Mraba hauna upande mrefu wa kulipeleka jicho, basi jicho hurudi katikati, na aliyesimama katikati hana pa kujificha. Kioo cha kutazamia hugeuza kulia kuwa kushoto, hata anayemfuata mtu anayetembea humkosea upande. Kwa hiyo kamera hii humpenda aliyetulia. Picha zikifika 12 hapana budi kusimama na kutia filamu nyingine, na katika kusimama huko mazungumzo huanza upya. Tena, mpiga picha anapoinama, mwenye sura haoni jicho lililofumbwa nyuma ya chombo. Huona utosi wa mtu. Kutokana na haya imezuka nadharia kwamba kamera ya kiunoni ni kamera ya adabu, kwamba mwenye kuinama hawezi kudharau. Ni nadharia tamu, na picha za Arbus zinaivunja.

Arbus, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki 1971, alikuwa amefanya kazi ya picha za mitindo pamoja na mumewe hadi mwaka 1956, kisha akaiacha. Kwa miaka kadhaa alitumia kamera ndogo ya milimita 35. Mwaka 1962 akahamia mraba, kwanza kwa Rolleiflex, na baadaye kidogo kwa Mamiya, ambayo nayo ina lenzi mbili, ni nzito zaidi, lakini humruhusu mpiga picha kubadilisha lenzi na kumsogelea mtu karibu sana. Picha ya mtoto aliyeshika bomu la mkono la kuchezea katika Central Park ni ya mwaka huo huo wa 1962. Mtoto amekunja uso, mkono mmoja umeshika bomu na mwingine umekakamaa kama ukucha, na ukanda mmoja wa suruali umemporomoka begani. Karatasi yenye picha zote za filamu ile imepata kuchapishwa, na humo mtoto yule yule anaonekana akicheza na kutabasamu kama watoto wote. Arbus alichagua moja. Hakuna uongo katika kuchagua, kwani mshairi naye hufuta mishororo mingi ili abakishe mmoja. Ila mtoto hakuagiza, wala hakuulizwa ni ipi inayomfanana.

Kisha akaongeza flashi, naye hakungoja giza ili kuitumia. Hapa chombo kina maneno yake. Katika kamera hizi kilango cha kuruhusu mwanga kimo ndani ya lenzi yenyewe, nacho hufunguka chote hata kwa kasi kubwa. Kamera ndogo za siku zile zilikuwa na pazia mbele ya filamu, na flashi ilikubaliana nalo kwa kasi ndogo tu. Kwa hiyo mwenye kamera ya lenzi mbili aliweza kuwasha flashi mchana kweupe na kushindana na jua. Arbus alifanya hivyo. Kijana wa mwaka 1967 anayengoja kuandamana kuunga mkono vita vya Vietnam amevaa kofia ya majani makavu na tai ya kipepeo, na kifuani ana beji ya kutaka Hanoi ipigwe mabomu. Mwanga unaotoka karibu na lenzi humwagika usoni bila ya kuacha kivuli cha maana, ukaonyesha kila doa la ngozi na kila chembe ya jasho, na nyuma yake dunia ikafifia. Mwanga wa namna hiyo hausamehi. Fundi wa studio aghalabu huiweka taa kando na juu, ili pua na shavu vipate kivuli na uso upate kina. Mwenye kutaka kujua mpiga picha anamtakia nini mwenye sura, na aache kutazama kamera ilishikwa wapi, atazame taa ilisimama wapi.

Hata hivyo jambo hili nalo lisichukuliwe kuwa kanuni. Sidibé naye alitumia flashi.

Alizaliwa Soloba, kusini mwa Mali, akasomea ufundi wa vito katika shule ya mafundi ya Bamako na kumaliza mwaka 1955, kisha akaingia katika duka la Mfaransa Gérard Guillat, na huko ndiko alikojifunzia picha. Baadaye akafungua studio yake mwenyewe mtaani Bagadadji. Chumba kilikuwa kidogo. Pazia la nyuma lilikuwa la mistari, na wateja waliingia na walichokipenda, awe na pikipiki, awe na redio, awe na shati jipya linalofanana na la rafikiye. Sidibé aliwapanga. Aligeuza bega, akainua kidevu, akamtoa mguu mmoja mbele. Jicho la sonara linaonekana katika kazi hiyo, kwani hakuna kilichoachwa kikining'inia ovyo. Msomaji wa Unguja, Lamu au Mombasa hana haja ya kuelezwa studio ya namna hiyo, maana picha zake zimo katika masanduku ya kila nyumba.

Ama picha yake iliyozunguka dunia nzima haikupigwa studioni. Ni ya usiku wa Krismasi wa mwaka 1963, katika Happy Club. Kijana mwenye suti nyeupe na msichana wa gauni aliye miguu mitupu wanacheza, vichwa vimekaribiana hata paji kwa paji, na wote wawili wanatazama chini, kwenye miguu. Ni mraba ule ule. Ni mwanga ule ule mkali uliotoka upande wa mpiga picha na kuikata miili yao kutoka katika giza. Kwa hesabu ya vifaa, picha hii na ya kijana wa maandamano ni ndugu. Lakini katika moja mwanga unampekua mtu, na katika nyingine unawakinga wawili wasikatizwe. Wamezama katika hatua zao, na mpiga picha ameruhusiwa kuwapo.

Ameruhusiwa kwa sababu ameitwa. Vilabu vya vijana wa Bamako vilimwalika Sidibé kwenye sherehe zao, miaka michache tu baada ya uhuru wa mwaka 1960. Usiku ukiisha alirudi studio, akasafisha filamu mpaka alfajiri, akatoa picha ndogo ndogo, akazibandika kwenye majalada ya karatasi nzito na kuyaweka nje. Vijana walikuja, wakatazama, wakachagua, wakalipa. Hapo ndipo hukumu ya kwamba kuagizwa ni udhaifu inapopoteza nguvu. Arbus alihukumiwa na watu wa makumbusho. Sidibé alihukumiwa na wenye nyuso, siku mbili baada ya sherehe, na aliyejiona amechukizwa aliondoka na fedha yake. Malenga wa harusi anaujua mtihani huo. Utungo wake husikilizwa na shangazi wa bibi harusi kabla ya kusikilizwa na profesa, na shangazi hakubali kina cha kulazimisha.

Upo upande wa pili, na anayemtetea Sidibé bila ya kuutaja anamdhulumu Arbus. Mteja hanunui aibu yake. Katika maelfu ya picha za Bagadadji, ni adimu kuona mtu aliyeshindwa. Vijana wanameremeta kwa sababu walilipia kumeremeta. Kijana mwenye beji ya Hanoi hangeagiza picha aliyopigwa, na pengine familia yake isingeitundika ukutani, lakini mwenye kutaka kuijua Marekani ya mwaka 1967 ataikuta humo, katika ule uso mlaini unaotaka mabomu. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu picha, alimlaumu Arbus kwa kuwatazama watu kwa mbali pasipo huruma. Lawama hiyo imepita kiasi. Watu wa Arbus wamesimama, wamemtazama, wamempa muda, na kamera ile nzito yenye kioo kinachogeuza pande haipigi picha ya kuiba kwa urahisi. Walichokosa ni picha ya kwenda nayo nyumbani.

Kisa cha Irving Penn kinaifanya tofauti hii ionekane kwa macho. Desemba 1948, Penn, Mmarekani wa picha za mitindo, alibaki Cuzco, Peru, baada ya kazi ya gazeti. Akamkuta mpiga picha wa mji mwenye studio yenye mwanga mzuri wa dirisha, akaikodi kwa siku za Krismasi. Wenyeji wakaja kama walivyozoea, wapigwe picha za sikukuu, wakamkuta mgeni na Rolleiflex yake. Walitaka kulipa, yeye ndiye akawalipa. Chumba kilikuwa kile kile, dirisha lile lile, sakafu ya mawe ile ile, na picha zilizotoka ni za kupendeza kupita kiasi. Ila fedha ilikuwa imegeuza njia, na picha zikaifuata. Waliokuja kuwa wateja waliondoka wakiwa malighafi. Kitabu cha Penn cha mwaka 1974 kimezihifadhi, kizuri na baridi, na katika nyuso zile mtu akikaa nazo ataona mshangao wa mteja ambaye hakuombwa ada.

Linabaki jambo moja ambalo filamu ndogo isingelileta kwa nguvu hiyo hiyo. Negativu ya sentimita sita ina habari nyingi kuliko alizonunua mteja. Kijana wa Bamako alichukua picha ya kutosha kiganjani, na negativu ikabaki kwa fundi. Ndani yake zimo nyuzi za tarizi, vumbi la vidoleni, kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na hayo yote yalilala gizani miaka thelathini. Baada ya maonyesho ya kwanza ya picha za Afrika huko Bamako mwaka 1994, sifa za Sidibé zilienea nje. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Hasselblad, yenye jina la waundaji wa kamera za mraba za Sweden, na mwaka 2007 Venice ikampa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, akiwa mpiga picha wa kwanza kuipata. Arbus naye alikuwa ameonyeshwa Venice mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Sidibé alifariki Aprili 2016. Picha ya Happy Club sasa hutundikwa ikiwa na upana wa karibu mita moja, ukutani kweupe, mbele ya watu ambao wale wawili hawakuwaalika. Na maneno yanayoandikwa chini yake, ya furaha ya Afrika na ya bara lililo huru, ni mazito kwa miguu iliyokuwa ikitafuta hatua. Katika ukubwa huo picha iliyoagizwa inatazamwa kama zinavyotazamwa za Arbus, na jicho lisilojulikana na lisiloombwa ruhusa.

Majalada ya Bagadadji yamechapishwa pia, mwaka 2008, na ndiyo ya kuanzia kwa mwenye kutaka kuisoma kazi hii kwa mizani yake. Picha ni ndogo, zimepangwa safu kwa safu, na kando yake Sidibé ameandika kwa mkono jina la klabu na tarehe. Jina la mtu halikuhitajika. Mwenyewe alikuja, akajitafuta, akanyoosha kidole.