Kasi Iliyoandikwa kwenye Boksi

Katika magazeti ya bunduki ya Marekani kuna picha isiyochoka kurudi: karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyoshikana, na kando yake sarafu ya senti 25 ili msomaji aone udogo wa kundi. Chini ya picha huandikwa jina la bunduki, kaliba, na kasi ya risasi kama ilivyochapishwa kwenye boksi. Sifa humiminika. Hakuna anayeuliza upepo ulivuma vipi siku hiyo, zilipigwa risasi ngapi kabla ya hizo tatu, wala karatasi nyingine zimekwenda wapi. Mjuzi wa kaliba ndogo akiiona picha hiyo hukereka, na kukereka kwake ni kwa haki, maana kazi dhaifu ikisifiwa kila mwezi, mnunuzi mchanga hufuata sifa hizo hadi dukani na kurudi na bunduki isiyomfaa.

Tuanze na hayo matundu matatu. Bunduki ileile, mikononi mwa mtu yuleyule, hutoa kundi la risasi 10 ambalo kwa wastani ni pana kuliko kundi la risasi tatu kwa zaidi ya nusu. Hapo bunduki haijaharibika na mpigaji hajachoka. Ni hesabu tu: risasi zikiongezeka, zile za pembeni nazo hupata nafasi ya kujitokeza. Kwa hiyo mdanganyifu wa shabaha hana haja ya kughushi kitu. Hupiga makundi mengi ya risasi tatu tatu, akachagua lile ambalo bahati imelibana, akatupa mengine. Kila tundu kwenye karatasi yake ni la kweli, ila karatasi yenyewe ni ya uongo. Anayetaka kuaminiwa apige makundi matano ya risasi 10 kila moja, ayaonyeshe yote, na lile baya liwekwe juu.

Kaliba zenyewe, yaani zile za fataki ya ukingoni, ambazo fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, si nyingi. Smith & Wesson walitoa .22 Short mwaka 1857. Miaka 30 baadaye kampuni ya J. Stevens ikaleta .22 Long Rifle, ambayo kichwa chake cha kawaida kina gramu 2.6, na hiyo ndiyo inayotawala hadi leo. Mwaka 1959 Winchester wakaongeza .22 WMR kwa wawindaji waliotaka nguvu zaidi. Mwaka 2002 Hornady wakalichukua ganda la WMR, wakalibana shingo hadi likashika kichwa chembamba cha gramu 1.1, na .17 HMR ikaanza kutoka mdomoni kwa karibu mita 777 kwa sekunde. Mwaka 2004 akafuata mdogo wake, .17 Mach 2. Kisha Winchester wakaleta .17 WSM, iliyotokana na ganda la baruti la mashine ya kupigilia misumari kwenye zege, ikavuka mita 900 kwa sekunde.

Mnunuzi wa kawaida huyapanga majina hayo kwa kasi, kutoka ndogo hadi kubwa, akaamini kwamba ameyapanga pia kwa ubora.

Kosa hilo linaonekana wazi zaidi ndani ya .22 Long Rifle yenyewe, na hapa ndipo penye jambo ambalo mgeni wa ufundi huu hulikosa kila mara. Dukani kuna maboksi mawili. La kwanza ni la mwendo wa kawaida, ambao risasi hutoka mdomoni kwa takriban mita 325 kwa sekunde. La pili ni la mwendo wa juu, takriban mita 380. Mgeni akiambiwa kwamba siku hiyo kuna upepo, atanyoosha mkono kwenye lile la pili bila kusita. Atajitetea kwamba risasi inayowahi kufika husukumwa na upepo kwa muda mfupi zaidi. Hoja inaingia akilini, lakini ni potofu.

Upepo wa pembeni hauipeleki risasi kando kwa kipimo cha muda wote iliokaa hewani. Unaipeleka kwa kipimo cha kuchelewa kwake. Chukua muda ambao risasi ingetumia kufika kama kusingekuwa na hewa kabisa, uutoe kwenye muda iliotumia kwa kweli. Baki inayopatikana, ukiizidisha kwa kasi ya upepo, ndiyo itakayokuambia risasi itahama kiasi gani. Kanuni hiyo inajulikana kwa jina la Isidore Didion, Mfaransa aliyeandika juu ya mwendo wa makombora katika karne ya 19, na haijapata kukanushwa. Ukiielewa, maswali yote ya kaliba ndogo hugeuka sura. Swali la kwanza linakuwa: risasi hii inapoteza mwendo wake haraka kiasi gani?

Na risasi ya .22 ya mwendo wa juu inaupoteza vibaya sana. Sauti husafiri kwa karibu mita 340 kwa sekunde, na kichwa butu cha risasi kinapokuwa karibu na kasi hiyo, au juu yake kidogo, hewa hukikaba kwa nguvu isiyo na kifani. Risasi ya mita 380 inazaliwa ndani ya ukanda huo mbaya na kuutumia mwendo wake wa ziada kupigana na hewa. Ile ya mita 325 iko chini ya kasi ya sauti tangu mwanzo, hivyo inasafiri kwa utulivu zaidi. Zikifika yadi 100, yaani mita 91, tofauti yao ya mita 55 kwa sekunde imebaki karibu nusu tu. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa utakuwa umeihamisha ile ya polepole kwa takriban sentimita 10, na ile ya haraka kwa takriban sentimita 13. Juu ya hayo, ile ya haraka imelazimika kushuka na kuvuka kasi ya sauti ikiwa njiani, na risasi inapovuka hapo inaweza kuyumba. Kwa kindi mwenye kichwa cha sentimita nne, sentimita tatu za ziada ni kumkosa kabisa au, kubaya zaidi, kumjeruhi akakimbilia shimoni.

Muuzaji hatakueleza hayo, kwa kuwa kasi ndiyo inayouza maboksi.

Wakubwa wa shabaha wanayajua tangu zamani. Mwaka 2012 mjini London, Sergei Martynov wa Belarus, akiwa na umri wa miaka 44, alilala kifudifudi mita 50 kutoka kwenye shabaha ambayo duara lake la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4. Alipiga risasi 60 na kila moja ikaingia humo: alama 600 kwa 600. Kwenye fainali akaongeza 105.5 na kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Mchezo huo hupigwa kwa .22 Long Rifle, na mafundi wake huchagua risasi zisizofikia kasi ya sauti. Miaka minane kabla, huko Athens, Martynov alikuwa ameambulia shaba, na dhahabu ikaenda kwa Mmarekani Matt Emmons. Miezi michache kabla ya michezo hiyo Emmons alikuwa amegundua kwamba bunduki yake imehujumiwa. Emmons akashinda kwa bunduki ya kuazima. Wanaoabudu majina yaliyochongwa kwenye mitutu wangefaa kukitafakari kisa hicho, maana chombo kilibadilika lakini jicho la kusoma bendera za upepo lilibaki lilelile.

Baada ya upepo huja fungu, yaani risasi zilizotengenezwa pamoja kiwandani chini ya namba moja. Risasi za fataki ya ukingoni haziwezi kujazwa upya nyumbani kama zile za fataki ya katikati. Mpigaji hupokea alichopewa na kiwanda. Fataki huingizwa ingali mbichi na kusukumwa hadi ndani ya ukingo wa ganda kwa kuzungushwa, na tofauti ndogo tu humo hubadilisha mwendo wa risasi. Ndiyo sababu maboksi mawili ya jina moja, rangi moja na bei moja, yenye namba tofauti za fungu, hupiga tofauti kabisa katika bunduki moja. Eley wa Birmingham na Lapua wana vituo ambako wapigaji hupeleka bunduki zao, wakajaribu fungu baada ya fungu, kisha wakanunua kwa wingi lile lililoafikiana na mtutu wao. Mwindaji hana haja ya kufika huko, lakini anunue maboksi mawili matatu ya mafungu tofauti, ayajaribu, arudi haraka kwa lile bora kabla halijaisha. Na anapobadilisha aina ya risasi, apige kwanza 20 hivi bila kuzihesabu, ili nta ya risasi mpya iuzoee mtutu na ile ya zamani itoke.

Uwandani mambo hubadilika. Kwenye malisho ya South Dakota, wanakoishi prairie dog, wale kindi wa ardhini wanaotoboa nyasi kwa mashimo, upepo haukomi na wanyama hukaa mbali. Hapo .17 HMR inastahili heshima yote inayopewa. Kwa mita 91, katika upepo uleule wa kilomita 16, inahama takriban sentimita tisa, na njia yake imenyooka kiasi kwamba mwindaji hahitaji kukisia mteremko hadi karibu mita 140. Kichwa chake chenye ncha ya plastiki huvunjika kikigusa, jambo linalopunguza hatari ya risasi kudunda. Risasi ya .22 ikidunda juu ya jiwe huendelea na safari, na inaweza kufika mbali. Mwindaji asiyejua nini kiko nyuma ya mnyama wake hapaswi kufyatua, kaliba iwe yoyote.

.22 WMR husifiwa kupita kiasi. Ina nguvu, hilo halina ubishi: mdomoni hubeba takriban jouli 430, na .17 HMR takriban 330, hivyo kwa mbweha wa karibu ni chaguo la busara. Lakini katika upepo huhama karibu sawa na .22 ya mwendo wa juu, na kundi lake mara chache humridhisha mtu mwenye macho. Ni kaliba ya nguvu, na anayeinunua kwa usahihi amekosea rafu.

Kwa sungura wa kuliwa, .17 HMR haifai, kwani huchana nyama. Wawindaji wa Uingereza wanaotoka usiku na kizuia sauti mdomoni mwa mtutu hutumia .22 yenye mwendo wa chini ya sauti na ncha yenye tundu, wakilenga kichwa, ndani ya mita 70. Huo ndio uwindaji wa kaliba ndogo ulivyo katika uzuri wake.

Kuna pia swali la uhai wa kaliba yenyewe. Karibu na mwaka 1970 Remington walileta 5mm Remington Rimfire Magnum, yenye kasi iliyoishinda .22 WMR ya siku hizo. Bunduki zake, Model 591 na 592, ziliacha kutengenezwa baada ya miaka michache, kisha risasi nazo zikatoweka. Wenye bunduki hizo wakabaki na mitutu mizuri isiyo na chakula, hadi Aguila wa Mexico walipozifufua risasi hizo mwaka 2008. Hakuna darubini wala kitako kinachoweza kufidia rafu tupu.

Vigezo vingine havihitaji mjadala. Kitako kiwe cha mti wa jozi. Mtutu mfupi mnene unapita mrefu mwembamba. Kifyatulio kivunjike kama barafu nyembamba, bila kuburuta. Chemba iwe ya kubana, na anayelalamika kwamba maganda hutoka kwa shida hajui anachokilalamikia. Winchester Model 52, iliyotengenezwa kuanzia baada ya Vita Kuu ya Kwanza hadi 1980, ilikuwa na mengi ya hayo. Klabu za shule na vyuo zililea vizazi vya wapigaji juu yake, na vijana walijifunza kusoma majani yanayotikisika kabla ya kujifunza bei ya darubini. Anschütz wa Ujerumani wanaendelea na kazi ya kiwango hicho, kwa bei inayoumiza. Bunduki nyingi za leo, zenye kitako cha plastiki na picha nzuri za matangazo, zisingekubaliwa hata kuegeshwa kwenye kuta za klabu hizo.

Mwaka 2024 Winchester walileta .21 Sharp, yenye ganda la .22 Long Rifle na kichwa chembamba kinachoingia ndani ya ganda badala ya kulingana nalo kwa unene. Umbo hilo hurahisisha utengenezaji wa vichwa visivyo na madini ya risasi, hitaji la kweli katika majimbo kama California, ambako tangu Julai 2019 madini hayo yamepigwa marufuku katika uwindaji wote. Wazo ni zuri, na waandishi wamekwisha kuanza kuisifu kwa kasi yake. Wamwache kwanza mtu aipeleke uwandani siku ya upepo, aitundikie bendera, apige risasi 50 kwa mita 91 na kuandika namba ya fungu. Hadi matokeo hayo yapatikane, mwenye .22 ya mwendo wa kawaida kwa mita 70 za kwanza, na .17 HMR kwa zinazofuata hadi karibu 150, hana sababu ya kufungua pochi.